Pole Niliyoibeba Hadi Umm Salal

Watu wa nyumbani Kakuma huniuliza Katari kuna nini, nami hujibu kuna joto, kwa sababu mimi si mtu wa maneno mengi. Leo nitaeleza safari moja tu, ya Ijumaa moja, kutoka Al Wukair hadi Umm Salal, niliyosafiri na watu wawili wasioongea, kwenda kumtafuta mbuzi tuliyekuwa hatujamwona.

Sababu ya safari ilikuwa Deng na Gatluak. Nilisoma nao darasa moja ndani ya kambi ya wakimbizi. Mimi ni Mturkana, mwenyeji wa pale, lakini kila asubuhi nilivuka barabara kwenda kusoma kwa wageni kwa kuwa shule yao ilikuwa karibu na ilikuwa na uji. Deng ni Mdinka, Gatluak ni Mnuer. Nchi yao, Sudan Kusini, ilipopata uhuru, walinibeba mabegani wakiimba, ingawa haikuwa nchi yangu. Hatukuwa tumemaliza shule wakubwa wa nchi hiyo walipogombana, na kila mmoja akawaita watu wa kabila lake. Vita vikaanza kule. Sisi huku tuliendelea kula sahani moja. Miaka ikapita, tukapata kazi ya ulinzi Katari, sote watatu chumba kimoja, kitanda changu katikati.

Mwezi wa saba mwaka huu simu ya Deng ilileta habari kwamba kijiji chao kimevamiwa na watu wa upande wa kina Gatluak. Ng'ombe wamechukuliwa, amu yake ameuawa. Kwa desturi yao, damu ikishaingia kati ya watu, hawali wala hawanywi chombo kimoja mpaka mnyama achinjwe kati yao. Kwa hiyo Gatluak hakumwendea Deng. Alisimama mlangoni, buti zake mkononi, akaniambia mimi.

"Ekai, mwambie nimesikia. Mwambie pole."

Nikaenda. Deng alikuwa amejifunika blanketi mpaka kichwani, na blanketi lilikuwa linatikisika. Nikasimama pale kama mlinzi wa blanketi. Sikujua neno la kuanzia. Zamu yangu ikafika, nikaondoka na ile pole. Kesho yake Deng alikuwa amenunua sufuria yake mwenyewe. Nikajiambia nitamweleza akitulia. Akatulia, lakini alitulia kwa hasira, na hasira ya namna hiyo mimi naiogopa zaidi.

Tena kuna jambo jingine, nitalisema tu. Hakuna aliyependa kula peke yake. Deng aliniita saa moja, Gatluak akaniita saa mbili. Nikawa nakula mara mbili kila jioni, kwa Deng maharagwe, kwa Gatluak samaki. Mkanda wangu wa kazi ukahama matundu mawili. Wiki zikawa miezi, na pole ikakaa ndani yangu chini ya chakula chote hicho.

Kazini mambo yaliharibika. Wawili hao walilinda lango moja kwa zamu. Wakati wa kupokezana, anayetoka aliweka redio ya mawasiliano chini, akarudi nyuma hatua kumi, ndipo anayeingia akaiokota. Siku moja gari likapita katikati ya hatua hizo kumi, na redio ikawa chapati. Msimamizi wetu, Mhindi mmoja mpole aitwaye Bwana Mathew, aliniita ofisini. Alisema hao ni ndugu zangu, sote ni Wasudani, na ikifika Jumamosi hawajapatana, atatupeleka sote watatu nyumbani.

Nilitaka kumwambia mimi ni Mkenya. Nikasema, "Sawa, bwana." Nilipotoka nikakumbuka kwamba kwa wenzangu neno "nyumbani" maana yake ni kambi, na kijiji kimoja kilichovamiwa.

Nikawaambia habari hiyo, mmoja mmoja. Kila mmoja akasema neno lile lile: "Basi tafuta mnyama." Tukachanga, nikatafuta.

Saa mbili asubuhi, Al Wukair. Tulitembea hadi kituo cha basi, Deng kulia kwangu, Gatluak kushoto.

"Ekai, mwambie huyo ameacha kadi yake ya metro kitandani," alisema Deng.

Nikamgeukia Gatluak. "Umeacha kadi—"

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie ninayo mfukoni. Ile ya kitandani ni yake."

Deng akapapasa mifuko, akarudi chumbani mbio. Basi la kwanza likatuacha.

Al Wakrah, ndani ya metro. Treni ile haina dereva, na Gatluak huwa haiamini. Nilikaa kati yao nikijifunza hotuba kimoyomoyo. Nilipanga kuisema pole kabla ya kituo cha tatu. Kituo cha tatu kikapita. Nikapanga kabla ya kituo cha nne, lakini walikuwa wameingia watu na masanduku kutoka uwanja wa ndege. Treni ikafika Lusail, mwisho wa reli, nami bado natafuta neno la kuanzia.

Saa tano, barabara ya Umm Salal. Tulipata lifti ya Mganda aitwaye Wasswa, anayepeleka shayiri ya mifugo mashambani. Mbele kulikuwa na nafasi ya mmoja, nikakaa mimi. Wawili wale wakakaa nyuma juu ya magunia, kila mmoja pembe yake.

"Wale wana nini?" Wasswa aliuliza akiwatazama kwenye kioo. "Wanakaa kama bibi na bwana waliotoka kwa chifu."

Nikamweleza kwa kifupi.

"Ah! Nchi yao bado changa," alisema. "Mtoto akiota meno humuuma hata mama yake. Sisi Uganda tulipopata uhuru wetu, ssebo, unadhani tulipigana kidogo? Meno yetu yalikuwa ya mamba."

"Yaliacha lini kuuma?"

Wasswa aliwaza mpaka tukafika.

Saa sita, shambani. Mwenyeji wetu alikuwa mchunga mbuzi aitwaye Idris, mtu mzima kutoka Sudan, ile iliyobaki kaskazini nchi ilipogawanyika. Nilimjua kupitia dereva wa gari la maji. Sikuwa nimewaza jambo hili sawasawa, mpaka nilipoona Deng na Gatluak wamesimama wakimkodolea macho. Mababa zao walipigana na serikali ya kina Idris miaka mingi sana, na ndiyo maana kulikuwa na uhuru wa kuuimbia. Idris aliwatazama miguuni hadi vichwani, safari ndefu, kwa kuwa wote ni warefu.

"Mlituacha," alisema kwa Kiswahili alichojifunza akiendesha malori Mombasa. "Mlisema mkienda kwenu mtapumzika."

"Hatukupumzika," Gatluak akasema.

"Sisi pia tuliobaki hatukupumzika. Sasa tunapigana wenyewe kwa wenyewe. Mke wangu yuko kwenye hema, sijui kwenye mpaka gani." Akafungua lango. "Ingieni. Chai iko."

Alileta chai kwa birika moja na vikombe vitatu. Deng akakataa, Gatluak akakataa, mimi nikanywa vitatu.

Kwenye zizi ndipo kazi ilipoanza. Nilimchagua beberu mmoja mweusi, nikaona ni mzuri.

"Huyu?" Deng alisema. "Huyu ana kikohozi. Mwambie Ekai amtazame mbavu."

"Mwambie Ekai," Gatluak akajibu, "huyu si mbuzi, huyu ni mkungu wa mifupa."

Sikujua nimwambie nani, kwa kuwa nilikuwa ninaambiwa mimi. Ni mimi Mturkana ninayeambiwa sijui mbuzi! Lakini nilitambua kwamba kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba wawili hao wamekubaliana. Walizunguka zizi lote, mmoja akishika pembe, mwingine akifungua mdomo, wakilalamika kwamba kwa jambo kama hili angefaa fahali. Idris akasema fahali hana, ila kuna ngamia wa mwenye shamba, na wakimgusa huyo watapatana jela. Mwishowe wakamshika mbuzi mweupe, Deng miguu ya mbele, Gatluak ya nyuma. Idris alichinja mwenyewe, akisema kisu chake hakishikwi na mtu.

"Na wewe kabila gani?" aliniuliza tukichuna.

"Mimi Mkenya. Mpatanishi."

"Aaa! Nawajua. Wakubwa wetu wakigombana huenda kwenu kupatana, kwenye mahoteli. Mazungumzo hayaishi kwa sababu chakula hakiishi." Akanitazama tumboni, kisha akanipa kipande cha maini. "Onja, mpatanishi."

Saa tisa, sinia moja likawekwa juu ya mkeka. Kabla ya kula, kila mmoja ilimpasa aseme lililo moyoni. Deng akaanza, na mara hii hakusema "mwambie".

"Amu yangu amekufa. Ng'ombe wameenda. Sisemi ni wewe uliyepiga, najua ulikuwa hapa ukilinda lango. Lakini mtu niliyekula naye sahani moja tangu utoto hakunipa hata pole. Hilo ndilo limenikaa hapa." Akajigusa kooni.

Gatluak akainuka. "Nilikutumia pole siku ile ile."

"Kwa nani?"

Wakanigeukia wote wawili. Nilikuwa nimedokoa tena maini, yako mdomoni. Hayakwenda mbele, hayakurudi nyuma.

"Deng," nikasema, "Gatluak anasema pole."

"Alisema lini?"

"Mwezi wa saba."

Deng akahesabu miezi kwa vidole. "Na ulikuwa unaileta kwa miguu?"

Idris ndiye aliyecheka kwanza, akaangusha kisu. Kisha Gatluak akacheka, kisha Deng, na Deng alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yale hayakukoma kicheko kilipokoma. Gatluak akasogea mkekani, akakaa karibu naye.

"Kumbe adui alikuwa kitanda cha katikati," alisema Gatluak.

"Sahani mbili kila jioni!" Deng akasema akijifuta. "Nami nikidhani ni hewa ya Katari inayomnenepesha."

Nilinyoosha mkono kwenye sinia. Deng akaushika.

"Ngoja. Sasa kuna jambo kati yetu na wewe. Hatuwezi kula nawe mpaka mnyama achinjwe."

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Wakala mbuzi yule wawili na Idris, kutoka sinia moja, mpaka mfupa wa mwisho, nami nikakaa zizini nikitazamana na yule beberu mweusi.

Jioni, ndani ya metro ya kurudi. Walikaa pamoja, mimi kiti cha mbele yao. Gatluak akalala, kichwa begani kwa Deng. Deng akaniinamia.

"Siku ile, alisemaje hasa? Maneno yake."

Nikamweleza. Mlangoni, buti mkononi, nimesikia, mwambie pole. Kisha nikakumbuka na jingine: kwamba Gatluak alisema amu huyo ndiye aliyewaletea mpira wa ngozi kambini, na kwamba alipokuwa akisema hivyo buti moja ilimdondoka bila yeye kuiona.

Deng akageuza uso dirishani. "Ungeniambia hiyo ya buti," alisema.

"Najua."

Jumamosi Bwana Mathew aliwaona wakipeana redio mkono kwa mkono. Akanipongeza kwa kuwapatanisha Wasudani wenzangu. Nikavuta pumzi, nikamwambia hapohapo, kabla neno halijalala: "Bwana, mimi ni Mkenya. Na sikuwapatanisha. Nilichelewesha tu."

Nilichojifunza ni hiki. Pole si mzigo wa kuhifadhi; huliwa ikiwa moto, kama chakula. Na ukimwona mpatanishi ananenepa, muulize amebeba nini.

Ijumaa ijayo narudi Umm Salal kumnunua yule beberu mweusi. Kwa sasa napika peke yangu, na mkanda umerudi tundu moja. Jana usiku Gatluak alikuja kitandani kwangu mbio, hata viatu hajavua. "Deng anasema," aliniambia, "umwangalie yule mbuzi mbavu."