Hati Iliyobaki Ndani ya Kamba

Kwa miaka ishirini na moja, Mama Masjala hakuwahi kwenda kula mchana akiacha faili mezani. Jina hilo alibandikwa na mawakili, naye alilipenda kuliko lile alilopewa na baba yake. Kesi ikiisha, hulifunga faili kwa kamba, mafundo mawili, hulisukuma kabatini, ndipo huitafuta sahani yake. Ukimlalamikia kwamba mahakama inachelewesha watu, atakujibu labda vyumba vingine, si chake.

Ndipo akaja hakimu mpya, mwanamke asiye na maneno mengi, na utaratibu wake: kila Ijumaa gereza lilete orodha ya mahabusu, na masjala itoe faili la kila mmoja. Jina lisilo na faili litafutwe mpaka lipatikane.

"Sasa tumekuwa walimu wa zamu, tunaita majina," Mama Masjala alinung'unika. Lakini akaita.

Ijumaa ya kwanza tu, jina la arobaini na moja likakosa faili. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, aliyeshtakiwa kuiba baiskeli. Jina lile Mama Masjala alilijua. Mama mzazi wa fundi huyo alikuwa akija dirishani kila Jumatatu, wiki ya tano sasa.

"Hakimu alisema mwanangu hana hatia. Mbona hatoki?"

"Karatasi ilishakwenda gerezani, mama. Kaulize huko."

Huko nako walimwambia haijafika, arudi mahakamani. Walimpiga danadana mama wa watu, kila mmoja na uhakika wake.

Mama Masjala akaenda kwenye kabati la kesi zilizokwisha, akafungua mafundo yake mwenyewe. Hati ya kumwachilia fundi ilikuwa ndani, ina sahihi na muhuri. Siku ile alikuwa amefunga faili haraka ili awahi chakula.

Mwenzake wa meza ya pili akachungulia. "Ichomeke kwenye za leo, dada. Nani atajua?"

Kweli, hakuna ambaye angejua. Naye alibakiza miaka miwili tu astaafu, na watu walishafukuzwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Aliisoma ile karatasi mara mbili. Kisha akaenda kugonga mlango wa hakimu.

"Mheshimiwa, huyu mtu bado yuko ndani kwa sababu yangu. Wiki tano."

Hakimu akasoma, akapiga simu gerezani. "Barua ya onyo utaipata," akasema alipomaliza. "Lakini kazini unabaki. Sasa ipeleke hii mwenyewe, wanakusubiri."

Mama Masjala alishuka ngazi mwepesi kama aliyetuliwa gunia.

Alipokwisha kuikabidhi, alimkuta yule mama nje ya geti kwenye foleni ya wageni, ameshika bakuli la chakula.

"Karatasi imefika?"

"Imefika, mama. Ilikuwa kwangu muda wote. Nisamehe."

Yule mama akamkazia macho, akafungua mdomo aseme neno. Geti dogo likalia, mwanawe akatoka, viatu mkononi.

"Hebu nishikie," yule mama akasema, akamsukumia bakuli, akamkimbilia mwanawe.

Mama Masjala akalishika kwa mikono miwili, akalia waziwazi mbele ya askari na foleni nzima, na furaha ikaishinda aibu. Mezani kwake mafaili yalikuwa yametapakaa, na saa ya chakula ilishapita.