Keki Iliyonyweshwa Mara Mbili

Siku ya kwanza Bubu kumwona Chiriku, mwanamke huyo aliingia kiwanda cha mikate kinyumenyume. Alikuwa ameusukuma mlango kwa mgongo, mikononi bakuli tatu, kwapani chupa ameibana kama kipimajoto.

"Jamani, pokeeni! Hii chupa ikianguka, na mimi naanguka nayo!"

Bubu, aliyepewa jina hilo kwa uchache wa maneno yake, ndiye aliyekuwa karibu. Alikuwa mchoma mikate, na kwa miaka kumi na minane alikuwa amezoeana na tanuri kuliko binadamu yeyote. Akaipokea chupa, akafungua kizibo, akanusa. Ilikuwa pombe tamu ya lozi. Harufu ikampanda mpaka kwenye nyusi.

"Usivute sana, kaka, utaanza kuimba," Chiriku akamwambia. Bubu akatabasamu akiiangalia sakafu.

Mwenye kiwanda alikuwa amempa Chiriku wiki moja tu. Aoke keki ya kusherehekea miaka sabini ya mama yake bosi. Bibi akiipenda, kazi ni yake. Asipoipenda, arudi alikotoka, kufua nguo za watu huku watoto wawili wakisubiri ada ya shule.

Keki ikaokwa Jumatatu: lozi za kusaga, siagi, mayai kumi. Ilipopoa kidogo, Chiriku akaitoboatoboa kwa kijiti cha meno, akainyunyizia vijiko viwili vya ile pombe, akaifunga.

"Huyu ni mtoto mchanga," akatangaza. "Ananyweshwa kidogo kidogo, kila siku kabla sijaondoka, mpaka Jumamosi."

Bubu hakuwepo alipotangaza hayo. Alikuwa nje akipasua kuni. Kesho yake alfajiri, alipokuja kuwasha moto, akaifunua keki, akaiona kavu juu. Akawaza: huyu mama kwa maneno yale, si ajabu amesahau. Kumwuliza kulitaka afungue mdomo. Akaona heri afungue chupa. Vijiko viwili. Jumatano vivyo hivyo, Alhamisi, Ijumaa. Chiriku aliiona chupa ikipungua, akalilaumu joto la tanuri.

Haba na haba hujaza kibaba. Hiki kilifurika.

Jumamosi bibi akaja na mkongojo wake, akakaa, akakatiwa kipande. Akala chote. Akaomba cha pili. Kwenye cha tatu mashavu yakamwiva, akamtazama mwanawe.

"Wewe, nani kakunyoa hivyo? Ulimkosea nini?" Akacheka mpaka mkongojo ukamponyoka.

Mwenye kiwanda akaonja. Akakohoa, macho yakamtoka.

"Hii keki au baa? Mnataka kuniulia mama?"

Chiriku akainua vidole viwili. "Vijiko viwili kwa siku, bosi. Naapa." Vidole vyake vikaanza kufungua kamba za aproni.

Bubu akaziona kamba zikilegea. Akapiga hatua moja mbele.

"Na viwili vyangu," akasema.

Watu wakageuka. Mkanda unga mmoja aliitazama redio ya ukutani, akidhani ndiyo iliyosema.

"Asubuhi," Bubu akaendelea, jasho likimtiririka. "Nilidhani amesahau. Kosa langu. Yeye keki yake ni nzuri."

"Kumbe anaongea!" bibi akashangilia. "Na sauti anayo! Mwanangu, huyu mama asiende popote. Na mwakani keki iwe kubwa zaidi."

"Mama, umelewa."

"Nimelewa, sijawa mjinga. Kesho niulize tena."

Kesho yake akaulizwa, kichwa kimefungwa kitambaa. Akajibu vilevile, ila kwa kunong'ona.

Chiriku akakaa pale miaka tisa. Alichovya biskuti kwenye pombe ya lozi, alitia matone kwenye krimu na aiskrimu, na kila kijiko alikitangaza kwa sauti iliyofika barabarani. Bubu akawa anamjibu neno moja moja, kisha mawili. Halafu bintiye Chiriku, aliyeolewa mbali, akajifungua mapacha, akamwita mama yake akaishi naye.

Bubu ndiye aliyembebea sanduku mpaka kituo cha basi. Njia nzima alikuwa akipanga la kumwambia, na basi lilipowashwa injini bado alikuwa akipanga. Chiriku akatoa kichwa dirishani, abiria wote wakasikia:

"Kaka, nitakupigia simu! Maneno nitasema mimi, wewe usijisumbue. Ila mara moja moja kohoa, nijue hujafa!"