Mwenzangu wa Dawati na Mama Yangu

Mwezi uliopita nilirudi shuleni kwetu, kwa masista, kwenye mahafali ya kidato cha nne. Binti yangu alikuwa anahitimu. Nilikaa na wazazi wenzangu chini ya turubai, upepo wa Dodoma ukitujazia vumbi machoni, na mgeni rasmi akasimama kuzungumza. Alikuwa daktari, mwanamke wa makamo kama mimi. Akawaambia wahitimu, "Mama aliyenifikisha hapa alikuwa akiuza karanga sokoni Majengo." Wasichana wakapiga makofi. Mimi sikupiga, kwa sababu mama huyo muuza karanga ni mama yangu mimi, aliyenizaa.

Nikueleze ilivyokuwa. Daktari huyo tulikalia dawati moja tangu kidato cha kwanza. Alitoka vijijini huko Chemba, mtoto wa mfugaji, na alikuja shuleni na mfuko wa sandarusi wakati sisi wengine tulikuwa na matranka. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Lakini kufikia Pasaka alikuwa anasoma somo la kwanza kanisani, na Sista Mkuu, ambaye mimi aliniita kwa jina la baba yangu kama askari anavyoita mahabusu, yeye alimwita "mwanangu". Hapo ndipo wivu ulipoanza.

Mwaka uliofuata mvua haikunyesha. Bomba lilikauka, tukawa tunakwenda korongoni alfajiri kufukua mchanga mpaka maji yachuruzike, tunachota kwa kata, ndoo inajaa taratibu. Sista wa jikoni alisimama juu ya ukingo, kanzu imepauka kwa vumbi, akituambia, "Anayelia alie huku anachota." Tulikula ugali wa mtama na mlenda, mchana na jioni. Hata leo nikisikia harufu ya mlenda wa kukaushwa nasikia na kengele ya sala ya Malaika wa Bwana, na wasichana wakisimama ghafla na ndoo vichwani, wakisali.

Siku ya wazazi mama yangu alikuja na hotpoti ya wali na kuku. Mwenzangu hakuwa na mgeni, alijifanya anafagia uwanja. Mama akamwita, akampakulia kwanza yeye, na paja la kuku akampa yeye. Mimi nikapewa bawa. Unacheka, lakini paja lile nililisubiri muhula mzima.

Tulikuwa bado tunakula pale baba yake alipotokea, kwa miguu, shuka begani, midomo imepasuka kwa kiu. Hakuja kutembea.

"Ng'ombe wamekwisha," akamwambia Sista Mkuu. "Na huyu amekua. Kuna watu wameshaleta maneno nyumbani."

Sista akamsihi, akamweleza kuhusu mtihani, mzee akawa anatazama chini tu. Mwenzangu alikuwa ameshika sahani, hatafuni wala hamezi. Mama akanyanyuka, akafuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Hao watu waambie wangoje. Mtoto niachie mimi. Likizo atakaa kwangu Majengo, ukimtaka utamkuta."

"Wewe una wa kwako."

"Ninaye mmoja. Nyumba ina nafasi."

Nafasi gani? Tulikuwa na chumba kimoja na kitanda kimoja. Mzee akamuuliza binti yake jambo kwa lugha yao. Binti akajibu kwa Kiswahili, wote tusikie, "Baba, nataka kusoma." Mzee akaomba maji ya kunywa. Alipomaliza akampa mama mkono, akaondoka peke yake.

Basi likizo zote tukawa watatu. Mama alimlaza ukutani asije akaanguka, mimi nikalala ukingoni. Mwenzangu alijifunza kukaanga karanga kwenye mchanga wa moto bila hata moja kuungua, zangu zilikuwa nyeusi. Wateja wakimwona walimwambia mama, "Huyu mwanao mmefanana." Mama alijibu, "Wote wangu," na mimi nikatangulia nyumbani peke yangu.

Yeye akaenda kusomea udaktari, akarudi kufanya kazi hapa hapa Dodoma. Mimi nikapata kazi ya ofisini Dar es Salaam. Mama alipougua, aliyekuwa karibu naye alikuwa yeye. Nilisafiri kutwa nzima, nikaingia wodini na vumbi la njiani, nikamshika mama mkono. Akafumbua macho, akanitazama vizuri, akasema, "Mwenzako ameshakula? Tangu jana yuko hapa." Ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia.

Baada ya mahafali mgeni rasmi alinifuata, tukapita Majengo pamoja. Shuleni sasa kuna matangi, na wasichana wale hawajui kama korongo lilikuwa na maji. Pale palipokuwa na chumba chetu kuna duka la simu, vioo vitupu. Tukasimama barabarani, bajaji zinatupigia honi.

"Unakumbuka," akaniuliza, "mama alivyokuwa anakohoa kabla hajatugombeza?"

Nilikuwa nimesahau. Nimesahau kabisa, na yeye alikuwa amekitunza kikohozi hicho miaka yote hiyo. Nikasikia wivu ule ule, mbichi, kama wa siku ya bawa la kuku. Lakini Majengo nzima hapakuwa na mtu mwingine wa kumwomba.

"Hebu kohoa nisikie," nikamwambia.

Akakohoa, vikohozi viwili vikavu, mkono kiunoni. Nikamwomba arudie.