Mwimo wa Mlango Uliokwenda Mahakamani

Saa moja na nusu asubuhi, fundi seremala amepiga magoti mlangoni pa karakana yake, anarudishia mwimo alioung'oa kwa mikono yake mwenyewe. Misumari mitatu ameibana midomoni, na bado anajaribu kuimba.

Mwimo huo, ule mti wa wima unaoshika bawaba, una mistari kumi ya penseli, kila mmoja na tarehe yake. Ni urefu wa binti yake tangu alipojua kusimama. Wiki iliyopita mti huu ulikuwa mbele ya hakimu.

"Watu walinicheka njiani," anasema. "Nikawaambia chekeni tu, huyu ndiye shahidi wangu."

Mkasa ulianzia wodi ya wazazi, miaka kumi na moja iliyopita. Yeye na mama wa mtoto hawakuwa wamefunga ndoa, na mlinzi aliruhusu waume na ndugu wa damu tu. Kwa haraka ya kumwona mwanawe, fundi akasema yeye ni kaka wa mzazi. Karani wa wodi akamwandika mjomba kwenye fomu ya kizazi. Nafasi ya baba ikapigwa mstari.

"Uongo wa dakika moja, umenitafuna miaka kumi na moja!"

Wenzake karakanani waliposikia wakambandika jina la Mjomba, likamganda. Wazazi hao waliachana mtoto akingali anatambaa, ila malezi hawakuyaacha. Ada, homa, viatu vya shule, vyote fundi alivibeba.

Mwaka huu shule ikataka cheti cha kuzaliwa. Binti alikisoma, akauliza, "Mbona hapa kwa baba pana mstari?"

"Nililia, sikufichi," anasema fundi. "Nikifa kesho, kwenye karatasi mtoto huyu si wangu."

Alikwenda ofisi ya vizazi mara kumi na moja katika miezi saba, na kila safari ilikuwa siku bila kipato. Karani wa huko alimtazama juu ya miwani. "Mzee, mjomba anakuwaje baba? Hapa mbona pana kesi mbili!" Akamwelekeza mahakamani.

Huko, mama wa mtoto alisimama bila kupepesa macho. "Mheshimiwa, mimi kaka sina. Kwetu nimezaliwa peke yangu. Huyu ndiye baba wa mwanangu."

Kipimo cha vinasaba kikasema hivyohivyo. Kisha hakimu akamwita binti asimame penye mwimo. Alikuwa ameupita mstari wa mwisho kwa vidole viwili. Hakimu akacheka, akaamuru jina la baba liandikwe.

"Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana," anasema fundi, akigonga msumari wa mwisho. "Kazi nimeifanya. Nilichokuwa nadai ni karatasi."

Jana cheti kilitoka. Leo anashusha darini ubao uliorandwa ukalainika, wenye vumbi la miaka.

"Huu niliuranda wiki aliyozaliwa. Sikuthubutu kuuandika kabla ya sheria kunitambua. Akimaliza shule akitaka randa, ipo. Akitaka udaktari, kibao hakibadiliki."

Anachovya brashi, anaandika taratibu: BABA NA BINTI, MILANGO NA MADIRISHA.

Binti, mikono kiunoni, anakikagua kama mteja mgumu. "Baba, herufi zimepinda."

"Ziache, mwanangu," anajibu, machozi yakimlengalenga. "Zinasomeka."