Tangi Chini ya Kiti cha Abiria

Sina sababu ya kukudanganya. Mimi si mnywaji, wala si mtu wa kupiga stori za kutisha kijiweni. Ni fundi wa matangi ya mafuta hapa Korogwe, huu ni mwaka wa ishirini na tano nachomelea, na kazi yangu ni ya vitu vinavyoshikika. Watu wa mtaani wanajua vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto vilikatwa baada ya kuangukiwa na gari, na hilo ni kweli. Yaliyotangulia hawayajui. Wewe nitakueleza, uamini usiamini ni juu yako.

Nilikuwa na mteja, mstaafu mmoja wa Hale, anafufua pikapu ya zamani, zile za Kiingereza zenye bodi ngumu. Alitaka irudi vilevile ilivyotoka kiwandani. Sasa pikapu hizo, kama hujui, hazikutoka zote sawa. Nyingi zilikuja na tangi moja, chini ya kiti cha dereva. Lakini mnunuzi aliyeishi mbali na vituo vya mafuta aliweza kuagiza na la pili, likafungwa hukohuko kiwandani, chini ya kiti cha abiria. Kulijaza, unainua mto wa kiti. Kulitumia, kuna koki ndogo chini, mbele ya kiti. Unaigeuza kwa kidole tu. Halafu geji inasoma tangi unalotumia peke yake. Lile lingine linaweza kuwa limejaa mpaka mdomoni na geji isikwambie kitu.

Pikapu ya mstaafu ilikuwa na matundu ya bolti za tangi la pili, tangi lenyewe halipo. Nikamwambia nitamtengenezea. Hakutaka, alitaka la kiwandani. Nikaulizia huku na kule, mpaka mchuuzi mmoja wa mahindi akaniambia ameona pikapu ya namna hiyo imelala porini upande wa Handeni, ndani ndani kutoka Sindeni, kwenye ardhi ya mzee anayeitwa Mhina. Nikawasha pikipiki yangu.

Mzee Mhina nilimkuta nje ya nyumba yake anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, akaitikia, nikaeleza shida yangu. Unawajua wazee na vyuma vyao vya zamani? Hata rimu iliyooza atakwambia ngoja kwanza niongee na wanangu. Huyu hakutaja bei. Hakuniuliza hata jina. Alisema nichukue tangi na chochote kingine nitakachotaka, bure. Nikamwomba anisindikize, akasema yeye hafiki kule. Akanionyesha njia, akarudi kwenye mahindi yake. Nikamwona ni mzee mkarimu.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Nakutajia saa kwa sababu wengi hudhani mambo haya yanasubiri usiku. Jua lilikuwa kali. Nilitembea kama robo saa kwenye njia ya gari iliyomezwa na nyasi, mpaka kwenye korongo kavu. Pikapu ilikuwa pale, matairi yameoza, imekalia rimu, miiba imeota mpaka ndani ya bodi. Na kwenye kiti cha abiria alikaa mwanamke.

Hakuwa mzee. Tuseme ana miaka ishirini na kitu. Alijifunga kanga, nyingine amejitanda, mikono yote miwili ipo juu ya tumbo, na tumbo lenyewe lilikuwa la miezi tisa. Nikadhani ni mtu wa jirani amekaa kivulini kupumzika. Nikamsalimia, kimya. Nikamweleza kwamba mzee ameniruhusu kufungua tangi, kwa hiyo akishuka atanisaidia. Alinitazama kama unavyomtazama mtu uliyemkuta na mali yako.

Aliponijibu, alisema Kizigua. Mimi ni Msambaa wa Bungu, tunasikilizana.

"Gari hili lina matangi mangapi?"

"Mawili," nikamwambia.

"Umejuaje?"

Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, habari za kiwandani na mto wa kiti. Nikamwonyesha na koki, ile pale, karibu na mguu wake. Hakuitazama. Alikuwa ananikodolea mimi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo taya zake zilivyozidi kukaza. Nilipomaliza hakushuka.

Kwa nini sikuondoka? Nimejiuliza sana. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaziona bolti. Zote za kiwandani, zote zipo. Fundi akiona kitu kama hicho, akili yake inabaki hapo hapo. Nikasema basi, na akae.

Niliinua upande ule kwa jeki, nikapachika jiwe kubwa chini ya chesisi kwa usalama, nikaingia chini kwa mgongo. Tangi lililokaa porini miaka arobaini ukiligonga hulia kama debe tupu. Nililigonga kwa spana, halikulia. Lilikuwa limejaa. Lakini petroli huruka, hata kwenye dumu lililofungwa vizuri hupungua. Nikalegeza nati ya kumwagia, na ikatoka petroli safi, kali, ya kuwasha macho, kama imenunuliwa asubuhi ile.

Hapo nikasikia koki inageuzwa juu yangu. Ikarudishwa. Ikageuzwa tena, mara nyingi, kwa nguvu, mpaka sakafu ya gari ikawa inatetemeka.

Kisha jeki ikalala na jiwe likasogea. Niamini, jiwe lile nililipachika kwa mikono yangu na sikuligusa tena. Gari likashuka. Niliwahi kutoa kichwa na kifua, mkono wa kushoto sikuwahi. Chesisi iliubana kwenye mwamba uliochomoza pale chini, na petroli ikaanza kunitiririkia mpaka shingoni.

Uso wake ukatokea chini, usawa wa uso wangu, pembeni ya rimu. Na wakati huohuo nilikuwa nasikia miguu yake ikikwaruza sakafu juu yangu. Unaelewa ninachosema? Uso ulikuwa chini na mimi. Miguu ilikuwa bado ndani ya gari.

"Kumbe kuna watu mnajua," alisema. "Siku ile ulikuwa wapi?"

Nilimwomba msamaha, wa nini sijui. Nikamwambia mama, nisaidie, nakufa hapa.

"Subiri," akasema. "Na mimi niliambiwa nisubiri."

Basi nilisubiri. Alinitazama muda wote, hakupepesa jicho. Nilipopiga kelele kuomba msaada, na yeye alipiga, jina moja tu: Mhina. Nikikaza sauti anakaza. Nikinyamaza ananyamaza. Chuki niliyoiona machoni mwake sijawahi kuiona kwa mtu yeyote, na mimi nimeishi na watu wa kila aina.

Jua lilipokuwa linakaribia kuzama akatokea mfugaji, mtu mzima, ng'ombe wake kawaacha mbali kwa sababu, alisema, hawakubali kupita pale. Aliinua gari kwa gogo nikatoa mkono. Nikamuuliza kama amemwona yule mwanamke. Akasema hajamwona mtu, ila alikuja kwa sababu alisikia mwanamke anaita. Sauti ya mwanaume hakuisikia kabisa. Kiti kilikuwa kitupu. Udongo chini ya gari ulikuwa mkavu. Akagonga tangi kwa fimbo yake, likalia kama debe. Shati langu tu ndilo lililolowa petroli, chapachapa.

Mfugaji alinishika bega mpaka kwa Mzee Mhina. Mzee hakushtuka. Alinusa shati langu, akasema kaa, na akaeleza bila kubembelezwa.

Yule ni mke wake wa kwanza. Uchungu ulimshika, akampakia kwenye pikapu kumpeleka hospitali Handeni. Pikapu ilikuwa mpya kwake, aliinunua kwenye shamba la mkonge. Pale korongoni geji ikasoma sifuri na gari likazima. Akamwambia mkewe asubiri, akaenda kwa miguu kutafuta petroli. Alirudi asubuhi na dumu. Mke na mtoto wote wamekwisha. Baadaye alikuja fundi kuliangalia gari, akainua mto wa kiti cha abiria, akakuta tangi limejaa. Mkewe alikuwa ameyakalia mafuta usiku kucha. Nikamuuliza, waliokuuzia hawakukwambia? Alisema hakumbuki. Nilimtazama, nikaona anakumbuka.

"Ulinituma nikafe," nikamwambia.

"Nilikutuma umwambie kwamba unajua," alisema. "Miaka yote ananiuliza mimi, na mimi sina cha kumjibu. Nilidhani akimpata anayejua, atamfuata yeye."

Hakuona aibu. Aliniuliza kama nilimwonyesha koki. Niliposema ndiyo, akashusha pumzi, akaingia ndani na kufunga mlango. Mfugaji ndiye aliyenipeleka hospitali, kwa pikipiki yangu mwenyewe.

Mstaafu wa Hale sikumpa tangi, na sababu sikumwambia. Mimi nimebaki na yule mwanamke. Nikiingia chini ya gari lolote, la tangi moja au mawili, hata nikiwa nimefunga milango yake mwenyewe, nasikia springi za kiti cha abiria zinalia, mtu anakaa. Halafu lile swali: siku ile ulikuwa wapi? Nimesomewa dua, nimehama gereji, bado. Mke wangu anasema nanuka petroli hata nikitoka kuoga. Mzee Mhina, naambiwa, amenenepa na analala vizuri. Siku hizi anafika mpaka korongoni kukata kuni.

Kwa hiyo kama una pikapu ya zamani, inua mto wa kiti cha abiria leo hii, na koki waonyeshe wote nyumbani, hata wasioendesha. Hilo la kwanza. La pili linanitoka kwa taabu. Wiki iliyopita alikuja mtu wa Mkumbara, ana pikapu kama ile, akaniuliza kama najua linakopatikana tangi la pili la kiwandani. Nilikuwa nimeshataja Sindeni ndipo nikajiuma ulimi. Alikuwa mtu mzuri, ana watoto, na mimi niliona kabisa ninachotaka kumfanyia.

Nilimwambia nimekosea, akaondoka. Akija mwingine, sijui kama nitaweza kujizuia. Ukija gereji kwangu kuulizia tangi hilo, na mimi nikakuelekeza liliko, usiende.