Kaniki ya Shamba la Mtoni

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyoolewa. Nilikuwa napalilia maharage kando ya mto, jua halijawa kali, akida akaja na Wadachi wawili. Akida huyo alikuwa mtu wa pwani aliyewekwa na Wadachi kututawala, maneno asali, moyo jiwe. Shamba lile alinipa mama yangu, naye alipewa na mama yake, na bibi huyo alizikwa palepale, ukingo wa juu. Kwetu Uluguru ardhi hufuata tumbo la mama, na mwangalizi wake ni mjomba. Hilo nililijua tangu utotoni, usidhani sikufundishwa.

"Bibi mwenye shamba," akida akaniita. Mimi, msichana wa juzi tu, naitwa bibi mwenye shamba! Kichwa kikavimba. "Wakubwa wanaomba mahali pa kupumzikia karibu na maji. Watacheza mpira wao, watakunywa pombe yao, basi. Wamekuletea kaniki hii na chumvi."

Sasa sikiliza kosa langu. Kwetu mgeni akitaka kulima ardhi ya ukoo, kila mwaka baada ya mavuno huleta ngoto, yaani kuku au kikapu cha mahindi, kukiri kwamba ardhi ina wenyewe. Akiacha kuleta, anaondoka. Nilipoiona ile kaniki nikasema moyoni, kumbe hata Wadachi wana adabu, wameleta ngoto! Ila ngoto haipokelewi na mtu mmoja. Huipokea mjomba, mbele ya ukoo. Lakini ningempelekea mjomba, si angeikata kaniki vipande awagawie wanawake wote? Mimi niliitaka nzima. Akida akaniambia nibonyeze kidole kwenye karatasi, ati wakubwa wajue zawadi imefika. Nikabonyeza. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Mama aliponiona nimejifunga nguo mpya aliuliza mara moja tu, "Umeipokea mbele ya nani?" Nikamdanganya kwamba mume wangu ndiye kanunua mjini. Mungu anisamehe.

Maharage yangu yaling'olewa hata hayajatoa maua. Pakajengwa nyumba yenye baraza pana, pakapandwa nyasi, pakazungushwa ua, na askari mwenye kiboko akawekwa pale tulipokuwa tukiteka maji. Eti klabu. Wanaume wazima na ndevu zao wakipiga kwa fimbo kimpira kidogo kama yai la kanga, kisha wakikitafuta juu ya kaburi la bibi yangu. Sisi wanawake tukawa tunapanda mlima na mitungi, kutafuta maji huko juu.

Mavuno yakafika, nikangoja ngoto. Nikangoja weee, kimya. Mwishowe nikaenda langoni mwenyewe. Akida alicheka mpaka akashika mbavu. "Ngoto gani, mwanamke? Wewe uliuza. Kidole chako hiki hapa."

Nikarudi nyumbani nikasema yote. Mjomba Kobelo hakunipiga. Afadhali angenipiga! Alinitazama tu, akasema, "Mpwa wangu, mwizi tungempigia kelele. Huyu wewe umemfungulia mlango, ukamtandikia na mkeka."

Masika yaliyofuata mama akaugua. Aliomba jambo moja, alazwe karibu na mama yake. Mjomba, mzee yule, akaenda kuwaomba wenye klabu, akarudi na michirizi ya kiboko mgongoni. Mama yangu tukamzika kilimani, kwenye ardhi ya ukoo mwingine, na ilibidi mjomba awapelekee kuku wa ngoto ndipo tupewe nafasi ya kaburi. Umesikia? Mama yangu, mwenye shamba, amelala kama mpangaji. Na ile kaniki nilimvika sanda, maana nyingine hatukuwa nayo. Ilinichoma mikono.

Wadachi vita viliwaondoa. Wakaja Waingereza, wakapaka baraza rangi, wakaendelea kucheza. Wengine husema nisahau. Nisahau vipi, na kila mwaka nampelekea kuku mtu mwingine kwa ajili ya mama yangu? Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu wangu hachoki kunipanda mgongoni.

Basi shika haya. Kilicho cha ukoo usikipokelee peke yako, hata kikija kimefungwa kwa hariri. Mtu akikusifu kabla hajasema shida yake, mwite mjomba wako kwanza, aisikie na yeye. Usiweke kidole kwenye karatasi usiyoweza kuisoma. Na ukikosea, sema siku ileile. Ningemwambia mama ile jioni, pengine mjomba angeirudisha nguo ile mbele ya watu.

Haya, njoo nikushike kichwa. Mungu akupe umri mrefu na watoto wanaosikia. Na siku yako ikifika, ulale kwenye udongo wa mama zako, pasiwe na mtu wa kuombwa ruhusa.