Mshona Vibuyu wa Kisaka

Mshona vibuyu wa Kisaka hashiki sindano kabla hajasikiliza. Hukiweka kibuyu sikioni, hufumba macho, hutulia mpaka wateja wanamtania: "Mama, kimekusalimia?" Mteja mmoja, Agustina, hakutania. Alikuwa ameleta kibuyu cha maziwa cha marehemu mama yake, kimepasuka mpaka chini, naye aliogopa kuambiwa hakishoneki. Mshonaji akasikiliza, kisha taratibu akakiachanisha vipande viwili.

"Hakishoneki, mwanangu."

Agustina akaangua kilio. Vidole vya mshonaji vyenye sugu vikapita hewani, pale palipokuwa ndani ya kibuyu.

"Huu uwazi wa ndani yake wenyewe umepasuka wapi? Uko hapa, uko uani, uko ndani yako wewe unayemkumbuka mama yako. Ni huo huo mmoja."

Agustina aliendelea kulia, ila sasa alikuwa anajisikiliza akilia, ametulia, kama mtu aliyeweka kibuyu sikioni.